Kofia Ngumu ya Baiskeli: Kuinunua, Kuivaa, na Kuendesha Dar Bila Kuiegemea

Kabla hujatoa hela, elewa jambo moja: kofia ngumu haizuii ajali. Lori la mchanga linalokata kona kushoto halijali umevaa nini kichwani. Helmeti huanza kazi pale mengine yote yalipokwisha kushindikana, kichwa kinapokwenda kukutana na lami au ukingo wa mtaro. Kwa hiyo ukiinunua leo na kesho ukaendelea kupenya kushoto kwa malori, umefanya nusu ya kazi, tena nusu ndogo.

Lakini nusu hiyo nayo si ya kudharau. Watafiti wawili wa Australia, Jake Olivier na Prudence Creighton, walikusanya tafiti nyingi zenye waendesha baiskeli zaidi ya 64,000 waliopata majeraha, na uchambuzi wao uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kwa waliovaa helmeti uwezekano wa jeraha kubwa la kichwa ulipungua kwa karibu asilimia 70. Kwa kitu kisichofika hata nusu kilo, hiyo ni faida kubwa. Sharti ni kiwe helmeti kweli, na kiwe kimekaa kichwani inavyotakiwa. Hapo ndipo watu wengi wanapofeli.

Hatua ya 1: Jua unanunua nini

Geuza helmeti uangalie ndani. Chini ya sponji laini za kuzuia jasho utaona povu gumu, jamaa wa lile linalowekwa kwenye boksi la televisheni mpya. Povu hilo ndilo helmeti yenyewe. Ganda la plastiki la nje limewekwa kulishikilia lisisambaratike na kukusaidia uteleze badala ya kunasa. Kichwa kikigonga, povu linabonyea na kusagika, na katika kusagika huko ubongo unapata nafasi ndogo sana ya kupunguza mwendo badala ya kusimama ghafla.

Kipimo cha Ulaya kinaitwa EN 1078. Maabara huvisha helmeti kichwa bandia na kukiangusha juu ya chuma kwa mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa, ambao ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita moja na nusu. Cha Marekani, kinachoandikwa CPSC, huangusha kutoka mita mbili. Piga hesabu kichwa chako kiko juu kiasi gani ukiwa umekaa kwenye siti, utaona kipimo kimetoka wapi: helmeti imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayedondoka kutoka kwenye baiskeli yake. Haikutengenezwa kwa ajili ya mtu aliyepigwa na Coaster iliyo kwenye kilomita 70. Inaweza kusaidia hata hapo, ila usiidai.

Hatua ya 2: Pima kichwa, ndipo uende dukani

Chukua futi ya fundi cherehani. Izungushe kwenye paji la uso, vidole viwili juu ya nyusi, ipite juu kidogo ya masikio, ikutane nyuma pale kichwa kilipotokeza zaidi. Soma sentimita. Watu wazima wengi huangukia kati ya 54 na 61, na kila helmeti ya maana imeandikwa ndani inachukua sentimita ngapi hadi ngapi.

Kama unasuka, una dredi au unavaa hijabu, pima ukiwa katika hali utakayoendeshea. Nywele za kusuka zilizofungwa kifundo utosini huinua helmeti mpaka ikakaa kama sahani juu ya mtungi, na hapo hakuna mkanda utakaoiokoa. Shusha fundo lije chini ya kisogo, kwenye shingo. Kwa hijabu, vaa kitambaa chepesi cha kubana, pini zote zishuke chini ya kidevu au mabegani. Pini chini ya povu, siku ya kuanguka, itaelekea kichwani. Baraghashia ivue uiweke mfukoni.

Sasa dukani. Kariakoo utaambiwa, "Hii inamkaa kila mtu, bosi wangu." Hakuna inayomkaa kila mtu. Vaa, ifunge kwa nyuma kwa kile kigurudumu cha kukazia, usifunge mkanda wa kidevu bado, kisha inama na utikise kichwa. Ikicheza au ikidondoka, rudisha. Ikikubana mpaka paji la uso linauma kabla hujatoka dukani, rudisha vilevile, maana hutaivaa zaidi ya wiki.

Angalia lebo ya ndani. Stika yenye herufi za EN peke yake haitoshi, stika inachapishwa popote. Helmeti ya kweli inaandikwa pia jina la mtengenezaji, modeli, saizi kwa sentimita, uzito kwa gramu, na mwaka ilipotengenezwa. Na soma namba vizuri. EN 397 ni ya wajenzi. EN 812 ni kofia ya mtu wa ghala asigonge kichwa kwenye rafu. Kwa umbo inafanana sana na ya baiskeli na inauzwa pamoja nazo. EN 1077 ni ya watelezao kwenye theluji huko Ulaya. Unayoitaka ni 1078, au CPSC.

Ile ya bodaboda je? Ikiwa nzima na ya kweli inalinda kichwa, lakini ni nzito, inapika, na inaziba masikio. Kwa mtu anayekanyaga pedeli kutoka Mbagala hadi mjini, itaishia kuning'inia kwenye usukani. Na zile bakuli za plastiki zisizo na povu ndani ni za kumwonyesha trafiki tu. Ukibonyeza kwa kidole gumba ndani ukakuta kitambaa na plastiki basi, acha.

Bei: helmeti ya bei ya chini yenye lebo halali imepita kipimo kilekile kilichopitwa na ya bei mara tano yake. Pesa ya ziada inanunua wepesi, matundu mengi ya hewa, na wakati mwingine ule utando wa ndani unaoteleza uitwao MIPS, uliobuniwa Stockholm ili kupunguza mzunguko wa kichwa kinapogonga kwa ubavu. Ukiwa na uwezo, chukua yenye matundu mengi kwanza. Dar ni joto, na helmeti usiyoivumilia hutaivaa. Hata waendesha baiskeli wa kulipwa walilalamikia joto: mwaka 1991 chama cha baiskeli cha dunia, UCI, kilipowalazimisha kuvaa, waligoma kwenye mashindano ya Paris–Nice na sheria ikaporomoka. Mwaka 2003, kwenye mashindano hayohayo, Andrei Kivilev wa Kazakhstan akaanguka bila helmeti na kufariki. Sheria ikarudi mwaka uleule, na leo hakuna anayeibishia. Walioshindana Kigali kwenye ubingwa wa dunia wa baiskeli Septemba 2025 walipanda vilima vile vyote wakiwa nayo kichwani.

Za mtumba mimi sizipendekezi. Baiskeli ya mtumba unaweza kuikagua hadi spoki ya mwisho. Helmeti iliyowahi kugonga haionyeshi kila mara, povu lake linaweza kuwa limeshabonyea ndani huku ganda linang'aa. Kama huna namna nyingine, toa sponji zote, tafuta ufa hata mwembamba kama unywele, minya pande zote mbili usikilize kama inalia, na soma mwaka. Ikizidi miaka kumi, iache palepale.

Hatua ya 3: Ivae sawasawa

Simama mbele ya kioo. Helmeti ikae usawa, ukingo wa mbele ukiwa vidole viwili juu ya nyusi. Mtindo wa kuisukuma nyuma ili paji la uso lipate upepo ndio ninaouona zaidi barabarani, na ndio mbaya kuliko yote, kwa kuwa mtu akiruka juu ya usukani anatua kwa paji la uso.

Mikanda ya pembeni itengeneze herufi V, ncha yake ikutane chini kidogo ya sikio. Mkanda wa kidevu ukishafungwa uruhusu kidole kimoja, viwili kwa shida. Sasa piga mwayo mkubwa kabisa. Ukisikia helmeti inavutwa chini utosini, mkanda uko sawa. Mwisho, weka kiganja chini ya ukingo wa mbele na uisukume kuelekea nyuma. Ikifunua paji la uso, kaza mikanda ya mbele, rudia.

Kazi hii inachukua dakika kumi mara ya kwanza. Baada ya hapo ni kukazia kigurudumu cha nyuma na kufunga tu.

Kuitunza ni rahisi: maji na sabuni ya kawaida. Petroli, thina na rangi ya kupuliza huliharibu povu na ganda, kwa hiyo yule fundi anayetaka kukupakia rangi ya timu yako mwambie asante. Usiiache kwenye dashibodi ya gari lililopaki juani.

Hatua ya 4: Mkono upi ni breki ya mbele?

Swali hili linawahusu hasa wenye baiskeli za mtumba kutoka Japani, ambazo zimejaa mjini. Nyingi zina breki ya mbele mkono wa kulia. Zilizotengenezwa kwa soko la Marekani na sehemu kubwa ya Ulaya zina ya mbele mkono wa kushoto. Aliyezoea moja akapanda nyingine, siku ya dharura atabana ya mbele peke yake kwa nguvu zote akidhani ni ya nyuma, na atapaa. Simama karibu na baiskeli, bana mkono mmoja, sukuma, uone gurudumu lipi limeshika. Kisha zoea kubana zote mbili kwa pamoja, ya mbele ikifanya kazi kubwa lakini kwa kuongeza nguvu taratibu.

Wenye Phoenix na ndugu zake za rimu za chuma: mvua ikinyesha, breki zenu zinakuwa karibu na hakuna. Chuma kilicholowa huteleza kuliko alumini. Bana kidogo kidogo mapema ili raba zifute maji kwenye rimu, na ongeza umbali kutoka kwa aliye mbele.

Upepo wa tairi, cheni na kengele wewe mwenyewe unavijua.

Hatua ya 5: Jua liko wapi?

Wengi hufikiria kuonekana ni suala la usiku. Usiku taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma ni lazima, hilo halina mjadala, na kiakisi peke yake si taa: hakina mwanga wake, kinasubiri cha mwenzake kikipige na kurudi. Ukipata vya kufunga kwenye vifundo vya miguu, funga hivyo kwanza kabla ya fulana. Kitu kinachopanda na kushuka kwa mwendo wa pedeli dereva anakitambua kuwa ni mtu kabla hajakitambua kingine.

Ila fikiria Barabara ya Morogoro. Asubuhi saa moja unatoka Kimara kwenda mjini, unaelekea mashariki, jua liko machoni. Jioni saa kumi na moja na nusu unarudi, unaelekea magharibi, jua liko machoni tena. Dereva aliye nyuma yako naye jua liko machoni pake, kupitia kioo chenye vumbi. Wewe kwake ni kivuli chembamba ndani ya mwanga, na rangi ya shati lako haimsaidii kitu. Saa hizo washa taa ya nyuma inayomweka ingawa ni mchana kweupe, kaa kwenye njia ya pembeni pale inapopitika, na kama kazi inaruhusu, ondoka nusu saa kabla au baada.

Hatua ya 6: Barabarani

Kushoto, pamoja na magari, siku zote. Wapo wanaosema bora waende kinyume ili waone kinachokuja. Chukua hesabu: wewe kilomita 15 kwa saa, gari 50. Ukienda nalo upande mmoja, linakukaribia kwa 35. Ukilikabili, ni 65. Na dereva anayetoka barabara ya mtaani kuingia kushoto anaangalia kulia kwake tu, kule magari yanakotoka. Wewe unakuja kutoka upande ambao hakuugeukia.

Usijibanze kwenye ukingo kabisa. Pale ndipo kuna mchanga, vioo vilivyovunjika, mifuniko iliyoibwa na ukingo wa lami uliolika. Kaa kama mita moja kutoka ukingoni, uwe na pa kukimbilia. Ukijibanza, magari yanakupita kwa kukusugua, na shimo likitokea huna pa kwenda ila chini ya tairi au mtaroni. Pale barabara inapokuwa nyembamba mno kiasi kwamba gari haliwezi kukupita salama, jitokeze kidogo zaidi, lisubiri. Watapiga honi. Honi haiumizi.

Magari yaliyopaki: yapite kwa umbali wa mlango uliofunguka.

Lori ndilo la kuogopa kuliko yote, na hapa naomba usome polepole. Lori likiwa limesimama kwenye taa, kushoto kwake huachwa nafasi inayokuvutia upite. Usipite. Dereva amekaa kulia, juu, na sehemu kubwa ya ubavu wa kushoto karibu na mlango haionekani vizuri kwenye vioo vyake. Likikata kushoto, matairi ya nyuma hayafuati njia ya matairi ya mbele. Yanakuja ndani, yanakata kona, yanafagia palepale uliposimama. Hata kama hakuwasha indiketa, chukulia anakata. Kaa nyuma yake, mahali unapoona uso wake kwenye kioo cha pembeni. Usipouona uso wake, naye hakuoni. Ukiwa umekwisha kunaswa ubavuni na lori limeanza kusogea, shuka upande wa mtaro na uburute baiskeli. Ukishindwa kuiburuta, iache.

Daladala lina tabia zake na zinasomeka. Konda akiwa ananing'inia mlangoni anatazama kituo, abiria wakipaza "shusha!", mkono ukigonga bodi: gari litakukatia mbele liingie kituoni sasa hivi. Punguza, liache liingie, ulipite kulia baada ya kugeuka kuangalia nyuma. Kupenya kushoto kati ya daladala na kituo ni kumgonga mama anayeshuka na mtoto. Kwa sababu hizohizo spika za masikioni ziache nyumbani. Nusu ya habari za barabara ya Dar unazipata kwa kusikia.

Kabla ya kuhama mstari: geuka uangalie nyuma kwa bega la kulia, nyoosha mkono, geuka tena, ndipo uhame. Jizoeze kwanza kwenye kiwanja cha shule Jumapili mpaka uweze kugeuka bila usukani kuyumba. Kioo cha kubana kwenye usukani kinasaidia, hakibadilishi shingo.

Kipilefti kikubwa chenye mistari miwili na magari ya kasi, shuka. Vuka kwa miguu kwenye pundamilia ukisukuma baiskeli. Hakuna aibu hapo. Kidogo cha mtaani, ingia baada ya kuwapisha wanaotoka kulia, shika katikati ya mstari wako, na onyesha mkono wa kushoto unapotoka.

Njia ya mabasi ya mwendokasi siyo ya baiskeli, hata ikiwa tupu na laini kiasi gani. Basi linakuja kwa kasi, na wewe umezungukwa na kingo pande zote mbili. Pembeni mwa Barabara ya Morogoro kuna njia za baiskeli zilizojengwa pamoja na mradi. Utakuta humo bodaboda, meza za biashara na magari yaliyopaki, na utakwenda taratibu. Bado ni bora. Punguza mwendo kila njia hiyo inapokatana na geti au mtaa, maana anayetoka pale macho yake yako kwenye barabara kubwa.

Dimbwi la maji lichukulie kuwa ni shimo hadi lithibitishe vinginevyo.

Hatua ya 7: Mtoto kwenye keria

Jeraha la kawaida la mtoto anayepakiwa nyuma ni la mguu: kisigino kinaingia kwenye spoki na kuchunwa. Kabla ya kufikiria helmeti yake, funika pande zote za gurudumu la nyuma kwa wavu au plastiki ngumu, na mwekee pa kukanyaga. Asiyeweza kukaa mwenyewe wima na kubeba kichwa chake vizuri asipandishwe kabisa, hata kwa kufungwa mgongoni na kanga, ukianguka unamwangukia.

Mkubwa kidogo mnunulie ya saizi yake ya leo. Tabia ya kununua kubwa "atakulia" inafaa kwa sare za shule tu. Akishuka, ivuliwe. Mtoto akipanda mwembe au akicheza kwenye bembea na helmeti, mkanda unaweza kunasa ukamnyonga. Ulaya wana kipimo cha peke yake kwa watoto wadogo, EN 1080, kinachotaka kifungo cha helmeti kifunguke chenyewe kikivutwa.

Hatua ya 8: Umeanguka

Toka barabarani kama unaweza kutembea. Kama shingo inauma au miguu imekufa ganzi, usinyanyuke, na waambie wasamaria wema wasikubebe juujuu kukutupa kwenye bajaji, wala wasikuvue helmeti kwa kuivuta. Namba ya dharura ni 112. Mmoja wa ndugu ashughulikie PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, wakati wewe uko njiani kwenda hospitali.

Kichwa kikigonga, hata ukijisikia mzima, usiachwe peke yako siku hiyo na usiku wake. Kutapika, usingizi usio wa kawaida, maneno kuchanganyika, mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine, maji au damu kutoka sikioni au puani: lolote kati ya hayo, hospitali saa hiyohiyo, na ikiwezekana yenye kipimo cha CT. Panadol na kulala si dawa hapo.

Na helmeti iliyogonga imemaliza kazi, hata kama huoni ufa. Povu likishasagika halirudi. Nunua nyingine. Ile ya zamani, kabla ya kuitupa jalalani, kata mikanda yote kwa mkasi, maana ukiitupa nzima kuna atakayeiokota, akaifuta vumbi, na wiki ijayo ikawa mezani soko la Karume inauzwa.